Daktari aliyempa mchoma makaa dawa ambayo mke wangu aliihitaji

Wakuu, nawasalimu kwa jina la Bwana. Ndugu zangu Waislamu mlio humu, salaam aleikum.

Haya nimemsomea mke wangu kwanza, na yeye hunirekebisha hata nikiomba. Kwa hivyo uongo haujapata nafasi.

Mimi ni mzee wa kanisa, tena chairman wa kamati ya dispensary yetu, huku ndani kutoka Kwa Vonza, Kitui. Tuna clinical officer mmoja tu, binti wa Kibwezi. Nitamwita Daktari Mumbua.

Mchana mmoja mke wangu alikuwa akivuna mbaazi, nyoka akamuuma kidole. Alikuwa kifutu, yule mfupi mnene. Tulifika dispensary mkono umevimba hadi kiwiko.

Antivenom, dawa ya sumu ya nyoka, ilikuwepo. Nilijua, kwa sababu mimi ndiye nilisumbua county mpaka wakaileta. Ilitosha mtu mmoja.

Daktari alikuwa ameshaitoa kwa fridge wakati watu waliingia wamembeba Muli kwa blanketi. Muli huchoma makaa, na jioni ukimtaka utampata kilabuni. Alikuwa ameumwa na koboko, yule nyoka ambaye sumu yake hukata pumzi haraka. Kope zimelegea, mate yanatoka, pumzi inakatika.

Daktari akamtazama Muli, akamtazama mke wangu.

"Mama, mkono wako unaweza kungoja ambulance. Kifua chake hakiwezi."

Hapa ndipo naona aibu. Nilisimama mbele yake nikasema, "Daktari, unajua hiyo dawa ililetwa na nani?"

"Najua, Mzee. Naomba unipishe."

Akanipita, akampa Muli. Kisha akapigia ambulance mara nne, na kila akitoka kwa Muli anakuja kushika bega la mke wangu.

Mke wangu alitibiwa Kitui akapona, ila kidole kilikatwa. Muli pia alipona.

(Msiniulize kama Muli aliacha pombe. Hakuacha. Huu si ushuhuda wa aina hiyo.)

Kanisani maneno yakaanza. Amemnyima mama wa kanisa, akampa mlevi! Wengine wakaacha hata kumsalimu sokoni. Baada ya wiki chache Daktari akaleta barua ya kuomba uhamisho, na kamati ikaketi, yeye akiwepo.

Member mmoja, Kilonzo, akasema, "Mwacheni aende. Kesho dawa atampa mbuzi."

Watu wakacheka. Mke wangu si member, lakini aliingia bila kubisha, akainua ule mkono wa vidole vinne.

"Kilonzo, hiki kidole kilikuwa chako?"

"Hapana, mwaitu." (Mwaitu ni mama kwa Kikamba.)

"Basi nyamaza. Ningepewa mimi ile dawa, leo ningekuwa na vidole kumi na maiti ya Muli. Hivyo vidole ningeviosha na nini?"

Akamgeukia Daktari. "Mwanangu, tangu siku ile ni nani ameketi na wewe?"

"Hakuna, mama." Machozi yakamtoka. "Kila nikiona mkono wako, ni kama naambiwa nichague tena."

Nikasimama. Niliwaambia kamati maneno niliyomwambia Daktari siku ile. Hakuna kati yao aliyeyajua. Yeye hakuwa amemwambia mtu, hata alipokuwa akisemwa vibaya. Nikamwomba msamaha mbele ya wote.

Wakuu, kamati yetu ilikuwa imetengeneza paa, choo na fence. Yeye hatukuwa tumemuuliza hata amelalaje.

Siku hiyo tulikubaliana: dawa ikiwa ya mmoja, uamuzi ni wa daktari, na jamaa wenye hasira watajibiwa na kamati. Tukaomba mkubwa wake atoke Kitui aje waongee, na alikuja. Mke wangu naye humpelekea muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kila Alhamisi, wanakula wakiongea. Mimi hufukuzwa.

Kikao kilipoisha siku ile, barua yake Daktari aliichukua mezani mwenyewe. Akasema tu, "Wagonjwa wamejaa kwa benchi," akaenda kuwaona.

Nilichojifunza ni hiki. Kila Jumapili tunaombea wagonjwa, na mtu anayewatibu tunamsahau. Nilimshukuru Mungu kwa uhai wa mke wangu, lakini ilinichukua muda kushukuru kwa uhai wa Muli. Daktari alikuwa amenitangulia.

Nyinyi mnaofanya kazi hospitali, mkishafanya uamuzi kama huo, ni nani huketi nanyi? Na wewe ambaye umewahi kusimama mbele ya daktari kama mimi, sema pia. Hapa hutahukumiwa, mimi nimeshatangulia kukiri.