Pombe ya Mama na Watu wa Kujitolea

Nilijiunga na klabu ile ili niwakamate. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Ndivyo nilivyokuwa, na mpaka leo sijapona sawasawa. Mtu akinisalimia mara mbili kwa siku, salamu ya pili naitafutia sababu.

Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ya Sumbawanga, ambayo tulizoea kuyaona na rafu tupu, yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, redio za kaseti na marobota ya mitumba. Kila mtu aliamka na kitu cha kuuza. Sisi walimu tuliuza maandazi wakati wa mapumziko, na mkaguzi akija tulimuuzia na yeye. Sasa katikati ya watu wanaouza wakatokea watu wanaotoa. Walikutana kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa nyumba ya wageni karibu na stendi, wakanywa chai, wakapeana mikono, kisha wakaenda kupaka chokaa wodi ya wazazi au kuwafyekea nyasi wazee wasiojiweza. Bure kabisa. Nikasema moyoni, hapa pana jambo.

Mjini wengine walisema ni dini ya siri. Wengine walisema ni chama cha siasa kinachojificha, maana vyama vingi ndiyo kwanza vilikuwa vimeingia. Mimi nilikuwa na jibu langu. Mwenyekiti wao alikuwa mfanyabiashara wa saruji na mabati, mtu wa kuja kutoka Usukumani, mrefu, mpole kupita kiasi. Upole ule ndio ulioniudhi. Nilijua anautaka udiwani. Kwa hiyo katibu wao, karani wa mahakama, aliponialika, nilikubali siku hiyohiyo. Wakanibandika beji kifuani, wakapiga makofi, nami nikatabasamu kinafiki.

Miezi ikapita, sikukamata kitu. Hilo likanitia shaka zaidi, maana mwizi hodari haachi nyayo. Uchaguzi ulipokuja mwenyekiti hakugombea. Nikasema, basi huyu anautaka ubunge.

Nikaamua kuwapima. Kijijini kwetu, ukingoni mwa uwanda, kwenye njia ya kushukia Muze, watu walichota maji katika chemchemi iliyo wazi, na ng'ombe walikunywa humohumo. Niliomba klabu ikaijengee. Nilitegemea watakwepa kwa sababu ya umbali na ubovu wa barabara. Hawakukwepa. Likizo ya kiangazi ilipofika walipakia saruji kwenye lori, wakaja. Mwenyekiti alikunja suruali, akaingia kwenye tope, akachanganya zege kwa koleo mpaka shati likalowa. Mimi nilibeba mawe huku nikimtazama kwa pembe ya jicho.

Kwetu Ufipa kazi ya wengi haiitwi kwa mdomo mtupu. Mwenye shamba anapika pombe ya ulezi, watu wanakuja na majembe, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanarudi makwao. Mama yangu alikuwa mjane, na watoto wake wote tulikuwa mbali. Hakuwa na njia nyingine ya kulimiwa. Pombe yake ndiyo iliyokuwa mikono yake. Basi aliposikia watu wa mjini wanakuja kujenga chemchemi, hakuuliza mtu. Alipika.

Kazi ilipokwisha mama alikuja na kibuyu mbele ya kijiji kizima. Alionja kwanza yeye mwenyewe, kama mwenye pombe anavyomfanyia mgeni ili mgeni aone kuwa haina kitu, kisha akampa mwenyekiti. Mwenyekiti alikipokea kwa mikono miwili, akaniangalia. Klabu ilikuwa na kanuni ya kutopokea chochote mahali inapojitolea, na mimi nikadhani ananipima kama nitaivunja. Lakini niseme ukweli wote. Niliona haya. Nilikiona kile kibuyu chenye masizi, nikawaona wale watu wa mjini na beji zao, nikaionea haya pombe ya mama yangu. Nilitikisa kichwa.

"Asante sana, mama," mwenyekiti akasema. "Sisi tunajitolea, hatupokei kitu."

Akanipa mimi kibuyu. Nami nikakiweka chini.

Watu wakatazamana. Nikadhani wanashangazwa na uungwana wetu. Tukapanda lori tukaondoka, na njiani nilijisikia vizuri kuliko siku nyingi.

Krismasi nilikwenda nyumbani. Mama hakuwa amepika pombe, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe. Alisema ulezi mwaka huu ni kidogo. Lakini kihenge chake cha nafaka kilikuwa na ulezi hadi nusu, nilikiona kwa macho yangu. Mimi ninayeuliza kila kitu, siku hiyo sikuuliza.

Mwezi wa tatu jirani wa mama alikuja mjini kuuza maharage, akapita kwangu. Alikataa kukaa.

"Mwalimu, nenda kamwangalie mama yako," alisema. "Shamba lake halijafukiwa."

Huo ndio wakati tunapofukia nyasi kwenye matuta, ardhi ingali na maji. Ikikauka, jembe haliingii, na mwaka unaofuata mtu hana pa kupanda. Nikamuuliza, kwani hakupika? Jirani akatazama mlango.

"Amepika mara mbili mwezi huu. Hakuna aliyekuja. Watu wanasema wale wageni waliona kitu kwenye ile pombe."

"Waliona nini? Wana kanuni yao tu!"

"Wageni ni wageni. Lakini na wewe hukunywa. Wanasema, kama binti yake wa kumzaa anaogopa, sisi je?"

Kwetu ukishasema mwanamke mzee anayeishi peke yake ana kitu kwenye pombe, huhitaji kuongeza neno. Nililia sana siku ile. Lakini hasira yangu haikuja kwangu. Ilikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti. Nyani haoni kundule.

Jumamosi nilisimama katika ukumbi ule kabla hata ya chai, nikamwaga yote. Nilimwambia mwenyekiti kwamba ameniharibia mama, kwamba kanuni zake ni za watu wenye matrekta, kwamba nimemjua tangu zamani anatafuta ukubwa. Karani akainama. Mwenyekiti alingoja nimalize, kisha akasema kwa upole uleule:

"Mwalimu, mimi si mtu wa huku. Sikujua desturi, ndiyo maana nilikutazama wewe. Nilikuwa tayari kunywa. Ukatikisa kichwa. Nikasema, mwenye mama amekataa, mimi nani ninywe?"

Nilikaa chini. Nilitafuta hila katika maneno yale, nikayapindua huku na huku, sikuipata.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, lori la mwenyekiti lilisimama mbele ya nyumba ya mama. Wanachama tisa walishuka na majembe. Nilikuwa nimetuma habari kwa yule jirani, na mama alikuwa amepika, ingawa nilisikia baadaye kwamba alikataa kwanza. Watu wa kijiji walikuja pia, ila walisimama kando ya shamba mikono nyuma, wakingoja kuona.

"Shikamoo, mama," mwenyekiti alisema. "Siku ile tulikosa adabu. Tumekuja kufukia matuta, na tuna kiu."

Tukafukia mpaka jua likawa utosini. Kisha mama akaleta kibuyu. Akaonja, akampa mwenyekiti, na mwenyekiti akanywa kwa kishindo, akafuta mdomo, akaomba tena. Karani akanywa. Wote wakanywa. Yule jirani akatoka pembeni akaja kuchukua jembe, na nyuma yake wakaja wawili, halafu wengi.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilinyoosha mkono kama mtu wa nyumbani, maana mama hamwonjei mwanawe. Mtoto hunywa tu. Mama alikisogeza kibuyu kwangu, akasita, akakirudisha mdomoni mwake. Akaonja. Akameza polepole mpaka nikaliona koo lake likishuka. Ndipo akanipa.

"Mama," nilimwambia kwa Kifipa, "mimi ni mwanao."

"Najua," akasema. "Kunywa. Watu wanatazama."