Uwele wa Mtu Mmoja

Bwana Dungu jina lake tulimpa sisi, maana usipomkuta nyumbani basi yuko juu ya dungu, kile kichanja cha miti anachokalia kuamia ndege, kuwafukuza wasile nafaka. Ndiye peke yake aliyebaki kulima uwele. Wengine tulishahamia kwenye mahindi, tukamwachia na ndege wote. Zamani walidokoa kidogo kidogo kila shamba. Sasa wote kwake, hawana hata haya.

Mkewe alipokuwa hai alikaa upande wa pili wa shamba. Bwana akipiga ukelele huku, mama anaitikia kule, ndege wanakosa pa kutua. Tangu mama afariki, ukelele ni mmoja.

Mwaka jana akaja mama mmoja anayesafirisha nafaka nje. Akatafuna punje chache, akasema huko ng'ambo uwele kama huu unatafutwa kwa udi na uvumba. Ila anataka lori zima.

"Magunia yako matatu nitayapeleka wapi, baba? Tafuta wenzako, nitarudi wakati wa mavuno."

Akazunguka nyumba kwa nyumba, na sote tukampiga chenga. Aliyekubali ni shemeji yake tu, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye mashamba yao yamepakana. Bwana Dungu akampa debe zima la mbegu. Alivyofurahi sasa, utadhani yeye ndiye aliyeposwa. Akamjengea shemeji dungu lake, likitazamana na la kwake.

Mvua ikanyesha, mimea ikachipua. Uwele mchanga na mahindi machanga hufanana majani, lakini mtu aliyezeeka na uwele umdanganye wapi? Aliona. Hakutaka tu kuona, akawa anampalilia shemeji pale mpakani kila asubuhi. Mpaka mahindi ya shemeji yakabeba.

"Mbegu uliifanyaje, shemeji?"

"Niliisaga. Watoto hawakuwa na kitu, shemeji, ningefanyaje?"

"Uji ulikuwa mtamu?"

"Mtamu kweli. Mdogo aliramba mpaka kikombe."

"Basi vizuri," akasema. Aliumia, jamani, na hakujua kuficha.

Lori lisingekuja, hilo alilijua. Kesho yake akapanda dungu lake kama kawaida. Akapiga ukelele, kisha akanyamaza kidogo, macho kwenye dungu tupu la shemeji, kumpa mtu nafasi ya kuitikia. Ndege wakatua kwenye uwele wake, upande ule.