Kaye Mbili za Dona Filiberta

"Baba mudogo, kwani huyu bwana alikuwaka wapi hii myezi yote?"

Shekinah alikuwa na miaka kumi na mitatu alipouliza hivyo, ameinamia kaye, daftari la shule, kwenye meza ya kutengenezea fromaji, jibini ya Masisi, biki mkononi. Baba yake mdogo, Callixte, alikuwa amezamisha mikono mpaka viwiko ndani ya pipa la maziwa, kwa hiyo kofi halikuwezekana. Alimwambia anakili tu, maswali awapelekee walimu wake, wao wanalipwa. Yeye alikuwa na shida kubwa zaidi. Alikuwa na miisho miwili ya hadithi moja, na watu walitaka mmoja.

Bwana aliyeulizwa hakuwa mtu wa Masisi. Alikuwa Don Anselmo, mume wa Dona Filiberta, wa serie moja ya zamani ya televisheni iliyotoka nchi ambayo Callixte hakuijua hata jina. Wakati wa ujana wake kilima kizima kiliitazama kwa Papa Raphaël, mfanyabiashara pekee aliyekuwa na jenereta. Watu wa ndani ya televisheni walisikika wakisema Kifaransa huku midomo yao ikisema kitu kingine, lakini hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu Dona Filiberta alikuwa na ng'ombe mia tatu. Masisi watamsamehe yeyote mwenye ng'ombe mia tatu. Walichoshindwa kusamehe ni kwamba tangu serie ianze hakuna aliyeonekana akikamua hata mmoja.

Basi Don Anselmo akatoka nyumbani bila kuaga. Miezi ikapita. Siku moja akaonekana tena, amesimama langoni, kofia mkononi, mvua inamnyeshea. Dona Filiberta akatokea na ufunguo. Hapo hapo muziki ukapigwa na majina yakaanza kupanda. Sehemu ya mwisho ilikuwa ya Ijumaa. Vita vikafika Alhamisi. Wote wakakimbilia Kashuga, na waliporudi, televisheni ya Papa Raphaël ilikuwa imeondoka na wenye bunduki. Callixte amesamehe mambo mengi ya vita ile, hata mbuzi zake. Hiyo Ijumaa hajaisamehe.

Kazi yake ndiyo iliyomfanya mtunzi. Maziwa yakishatiwa dawa ya kugandisha, hayaguswi kwa muda wa dakika arobaini hivi, na wafugaji walioyaleta hukaa wakingoja warudishiwe bidoni, madumu yao. Watu wakikaa bure watasengenya, na wakisengenya sana watagombana, pengine karibu na pipa. Ndipo Callixte alipoanza kuwapa Dona Filiberta. Aliwasimulia utoto wake, mahari yake, ugomvi wake na wifi. Mara moja alimleta mpaka Rubaya, kwenye machimbo, akawatazama wabebaji wakishuka mlima na mifuko ya mawe mgongoni, akauliza punda wako wapi. Lakini langoni hakufika kamwe. Kwa zaidi ya miaka ishirini alimwacha Don Anselmo kwenye mvua.

Kisha Rukara akarudi.

Rukara ni mfugaji aliyeaga asubuhi moja kwamba anaenda kununua chumvi ya ng'ombe. Alirudi baada ya miezi saba, kutoka Walikale, bila chumvi. Mke wake, Murekatete, hakupiga kelele. Alitoa ng'ombe wawili zizini, akawafunga nje, akamwambia mtoto wake amwambie baba yake kwamba hao ndio watu wa nyumba yake sasa. Rukara akahamia kibanda cha ndama. Ndugu walikuja kumwombea, wakarudi. Pasta naye akaja, akafungua Biblia, na Murekatete, ili tu amalizane naye, akamjibu kwamba anangoja kwanza asikie Dona Filiberta atafanya nini langoni.

Neno lililosemwa mbele ya pasta halirudi tena mdomoni. Kufikia siku ya soko lilikuwa limeshakuwa sheria.

Basi Callixte akanunua kaye mbili. Katika ile ya buluu Dona Filiberta alifungua lango. Katika ile nyekundu alizungusha ufunguo mara mbili, akaingia ndani kula. Shekinah ndiye aliyekuwa akinakili, maana mwandiko wa Callixte ulimshinda hata Callixte. Asubuhi Callixte alikuwa wa buluu, mchana mwekundu, jioni alikuwa na maumivu ya kichwa. Akifungua, watasema amenunuliwa. Akifunga, Rukara atalala na ndama mpaka Yesu arudi, na kosa litakuwa la mtengeneza fromaji. Alilalamika kwamba watu wengine waliachiwa na vita makovu, yeye aliachiwa mwanamke wa televisheni.

Na watu hawakumwachia nafasi ya kufikiri. Mama Vénantie, ambaye analima maharagwe na hana ng'ombe hata wa kuchora, alimletea beseni la maharagwe, akasema tu kwamba mtu anayeweka kufuli huwa anataka kufunga. Rukara naye alifanya jambo ambalo kilima hakikuwahi kuliona: alileta maziwa. Miaka yote alikuwa akileta maziwa pamoja na kijito kinachopita nyuma ya kwake. Sasa Callixte akichovya kipimo chake cha kioo, ambacho huzama maziwa yakitiwa maji, kinaelea juu kama mtalii kwenye ziwa. Alikipangusa, akachovya tena.

"Rukara, uko mugonjwa?"

"Hapana, Papa Callixte. Niko tu namuwaza Dona Filiberta."

Ilienda hivyo siku tatu. Jumamosi watu wakajaa mpaka mlangoni. Callixte akatia dawa kwenye maziwa, akakaa, akaweka kaye zote mbili magotini. Akazitazama kwa muda mrefu hata mtu mmoja nyuma akaanza kukohoa kwa makusudi. Mwishowe akamsukumia Shekinah ile ya buluu, akasema macho yanamuuma.

Shekinah akasoma. Don Anselmo alisimama langoni. Alilia. Machozi yake yakachanganyika na mvua. Dona Filiberta akayaona, moyo wake ukalainika, akafungua.

Mama Vénantie akatazama beseni lake kama mtu anayetaka kulirudisha nyumbani likiwa bado na kitu ndani. Rukara alikuwa na uso wa mtu aliyeshasikia harufu ya foufou, ugali wa nyumbani kwake. Ndipo Murekatete akanyoosha mkono, kama darasani.

"Alisema nini?"

"Nani, Mama?" akauliza Shekinah.

"Anselmo. Mbele ya kufunguliwa."

Shekinah akapekua. "Hakusema kitu. Alilia."

"Hakusema alikuwa wapi?"

"Hapana."

"Na mu ile kaye ingine, kwenye anafungiwa?"

Shekinah akaifungua nyekundu, ingawa yeye ndiye aliyeiandika na jibu alilijua. Hapana, hata humo hakusema. Callixte akaanza kueleza kwamba watu wa televisheni hawana desturi ya kuelezana mambo, lakini Murekatete hakuwa akimsikiliza tena.

"Munagombania ufunguo wiki nzima," alisema. "Mimi ufunguo najua kuutumia." Akageuka. Tangu Rukara arudi, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha uso kwa uso. "Rukara. Ulikuwaka wapi?"

Rukara akatazama pipa, akatazama paa, kisha macho yake yakaanza kulowa.

"Usilie," Murekatete akasema. "Kulia tumeshasoma."

Kwa hiyo akasema. Alipokuwa njiani kwenda kununua chumvi, mtu alimwambia kwamba Walikale mawe yanang'aa yenyewe. Akaenda kuona tu, siku mbili. Alichimba mpaka shimo likajifunika, asante Mungu wakiwa nje wanakula. Akabeba mifuko ya wengine. Akauza buti zake. Kila mwezi alijiambia kwamba mwezi ujao atarudi na kitu mkononi, mpaka ikawa hata ile chumvi hawezi kuinunua. Hapo akataka kukaa, Murekatete akamwashiria aendelee. Miezi miwili ya mwisho, Rukara akasema akitazama vidole vyake vya miguu, hakuwa Walikale. Alikuwa Rubaya, mwendo wa siku moja tu kwa miguu, akimwoshea masufuria mama mmoja anayeuzia wachimbaji foufou.

"Masufuria?" akasema Murekatete. "Wewe?"

Mtu ambaye nyumbani hakuwahi kuinua hata kikombe chake. Kicheko kilianza kwa Mama Vénantie, kikapita kwa wafugaji, na Murekatete alikizuia kadiri alivyoweza, lakini hakuweza sana. Wakati huo maziwa yalikuwa yameshapita saa ya kukatwa, yamekuwa magumu kama soli ya kiatu, na Callixte hakuona.

Murekatete akainuka. Alisema ng'ombe wale wawili warudishwe jioni kwa wenzao, na kwamba nyuma ya nyumba yake kuna masufuria. Kulala, Rukara atalala kwa ndama mpaka yeye asikie yote, maana habari ya chumvi bado haijamwingia. Akatoka. Rukara akamfuata, amebeba bidoni zote mbili.

Wiki iliyofuata Callixte akachovya kipimo kwenye maziwa ya Rukara, kikazama mpaka shingoni. Alitikisa kichwa, akasema basi, mtu amerudi nyumbani.

Dona Filiberta hakusimuliwa tena. Waliomba, Callixte akakataa, akawawekea redio. Kaye mbili zilibaki kwa Shekinah, naye akaziandikia hesabu kwenye kurasa zilizobaki, kwa sababu kaye ni kaye. Akaenda kusoma Masisi mjini. Hakuuliza tena, na alidhani hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kuuliza.

Likizo ya mwaka huu, miaka minne baadaye, walikuwa wawili tu wakigeuza fromaji kwenye rafu na kuzipaka chumvi, yeye upande huu, baba mdogo upande ule. Walikuwa wameshamaliza rafu mbili.

"Shekinah," akasema Callixte, bila kuinua kichwa. "Ule Anselmo. Hakuendaka mbali. Alikuwa tu ku kilima ya pili, pale anasikia ng'ombe zake zikilia. Kila asubui anasema: leo nitashuka."