Rangi Mbili Ndani ya Tangi la Samaki

Shule niliiacha darasa la tano, lakini ghorofa yangu ipo Malindi, na sebuleni niliweka tangi la samaki wa mapambo kumi na wawili ili mgeni ajue amefika kwa nani. Siku moja samaki mmoja akaanza kuoza mkia. Huku kwetu mtu akipata kidonda hufungua kapsuli ya rangi mbili, ile dawa ya kuua vijidudu, akanyunyizia ule unga, basi nami nikafungua sita nimwage majini.

Mke wangu akawahi kumhamishia mgonjwa kwenye beseni la maji safi. "Bwana, dawa hiyo umeandikiwa na nani?"

"Aliyejenga ghorofa haandikiwi dawa," nikamjibu, nikamwaga.

Siku ya tatu maji yalikuwa meupe kama tui, na wale kumi na mmoja wazima wanaelea matumbo juu. Aliyeniuzia samaki alinicheka mpaka akaketi. "Mzee, kwenye sponji ya chujio mna vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki. Umewaua wafagiaji, samaki wakafa kwa kinyesi chao wenyewe."

Mgonjwa alipona. Sasa yu peke yake tangini, na mgeni akiuliza, mke wangu huniwahi: "Huyu ndiye ambaye hakutibiwa na daktari wa ghorofa."