Nililitupa Motoni Jani la Sale

Siku ile ya Krismasi tulikuwa watu watano uani kwetu, juu kidogo ya Tengeru. Mimi, mkubwa wa nyumba. Elinami, mdogo wangu anayenifuata, karani wa stoo ya kahawa mjini Arusha. Naomi, kitinda mimba wetu. Baba mdogo Anaeli, ndugu yake marehemu baba. Na mgeni mmoja, Zakaria, kaka wa msichana ambaye Elinami alikuwa akimposa. Majina nimeyabadilisha, lakini wenyewe wakisoma watajijua. Mwenye kosa ni mimi, wala simgawii mtu.

Ndugu yangu unayesoma, nisikilize mpaka mwisho ndipo unihukumu.

Baba yetu aliuawa na nyati msituni. Walimleta juu ya ngozi ya ng'ombe, tumbo limepasuka. Mama hakumaliza mwaka. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikaacha shule, nikashika jembe. Wachumba walikuja nikawafukuza, maana nani angewapikia hawa wawili? Niliwalea kwa kahawa, ndizi na fimbo. Fimbo ilikuwa nyingi. Nilidhani ndiyo inayoshika nyumba.

Mwaka ule nikaanza kuumwa tumbo la chini. Likavimba, nikakonda mikono na shingo. Katika hospitali moja walinipasua, wakatoa uvimbe mkubwa pamoja na mfuko mmoja wa mayai ya uzazi. Daktari aliniambia wazi kwamba ni saratani na kwamba mfuko wa pili nao umeshikwa. Maji yalikuwa yakijaa tumboni, wakiyatoa kwa sindano nene kama mrija wa kunywea pombe. Kabla ya kunipasua mara ya pili alinipa ruhusa nikale Krismasi na wenzangu, nirudi kabla ya mwaka mpya.

Nyumbani hawakujua lolote. Niliwaaga nikisema nimepata kazi ya jikoni kwa mzungu mmoja Usa River.

Kwa nini niliwaficha? Kwa ajili ya posa ya Elinami. Wazazi wetu wote wawili walikufa mapema, na watu walishaanza kunong'ona kwamba nyumba yetu ina kitu. Wakwe wangesikia na dada mkubwa anaoza tumbo, wangemnyima binti. Nikasema nitanyamaza mpaka ng'ombe wa mahari wapokelewe. Sikumwambia hata Naomi aliyelala nami kitanda kimoja. Nilivaa gauni pana nikafunga kanga mbili.

Asubuhi tulikwenda kanisani, tuliporudi Baba mdogo akamchinja beberu. Naomi alishika miguu, damu ikamrukia kwenye gauni jipya, akalia. Elinami akamcheka. "Acha kulia wewe, utaolewa na mchinjaji." Naomi akamjibu, "Afadhali mchinjaji kuliko karani anayeogopa kuku." Tulicheka sote, hata mgeni. Hicho ndicho kicheko cha mwisho kusikika uani pale.

Mimi nilikuwa jikoni nje, nakoroga mtori, supu nzito ya ndizi. Kila nikiinama mshono ulinivuta kama mtu anayefungua kamba za kiatu. Mgeni alikuwa akiniangalia. Nikamwona anamnong'oneza Elinami, na uso wa Elinami ukabadilika.

Akanijia mpaka jikoni. "Dada, tumbo hilo ni la nini?"

"Nimenenepa. Usa River wanakula."

"Shingo imekuwa kama ya korongo, tumbo ndilo limenenepa peke yake? Zakaria ameona. Ameniuliza dada yangu ameolewa lini." Akaninyoshea kidole tumboni. "Ulinichapa miaka yote kwa ajili ya heshima ya nyumba. Leo unaniletea mimba ya jikoni kwa mzungu mbele ya wakwe zangu?"

"Elinami, nyamaza."

"Sinyamazi. Mwambie Baba mdogo mwenye mtoto ni nani."

Neno moja tu lingetosha. Ningesema "naumwa", kijana yule angepiga magoti. Lakini kilichonipanda kichwani si maneno. Nilikuwa nimekatwa mfuko wa mayai kwa kisu, na ninayemfichia ndiye ananiambia nina mtoto. Nilichota upawa wa mtori unaochemka nikamtupia usoni.

Ndizi iliyopikwa na mafuta haimwagiki kama maji. Inashika. Alipiga ukelele ambao sijasikia hata kwa mnyama, akajifuta kwa mikono, na ngozi ya shavu ikaja na mikono. Akaanguka kwenye magogo. Na mimi, Mungu ananiona, sikukoma. Nilikamata gogo lenye moto nikampiga nalo mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Baba mdogo alinikumba kwa nyuma tukaanguka wote. Mshono wangu ukafunguka. Naomi aliona damu kwenye kanga yangu akapiga yowe, "Mimba inatoka!" na sikumsahihisha hata hapo, wala damu ilipokata wakasema mimba imeshika.

Zakaria aliondoka bila kuonja chakula. Posa ikafa siku ile ile. Posa ambayo niliuficha ugonjwa ili kuilinda, niliivunja kwa mkono wangu mwenyewe.

Mpaka hapo ni hasira, na hasira kila mtu anayo. Kosa ninaloliungama hasa ni la kesho yake.

Kwetu Wameru watu waliokosana wanapatanishwa kwa jani la sale, ule mmea tunaopanda mipakani. Mtu akikuletea sale mkononi amekwisha kujishusha. Hulikatai, hata kama amekuulia ng'ombe. Anayelikataa amejikata mwenyewe katika ukoo.

Asubuhi Elinami alikuja mlangoni kwangu ameshikwa mkono na Baba mdogo. Nusu ya uso imefungwa kitambaa, usaha umepita mpaka shingoni. Jicho moja lilikuwa limekwisha. Mkononi ana jani la sale. Aliyeungua ndiye aliyekuja kuomba.

"Shikamoo, dada," alisema. "Nilikutukana mbele ya mgeni. Hata kama ni mtoto, ni wetu, tutamlea kama ulivyotulea. Pokea."

Baba mdogo akasema, "Mwanangu, pokea. Amekutangulia."

Nililipokea. Nikalikunja mbele yao, nikalitupa kwenye moto wa chai. Nikasema, "Mlee mama yako kaburini."

Baba mdogo alivua kofia. Elinami alisimama akilitazama jani likijikunja, kisha akageuka, akajigonga kwenye nguzo upande ule asioona. Hakuna aliyenisemesha tena mpaka nilipoondoka.

Nilirudi hospitali mshono umeoza. Waliponipasua nilipoteza damu nyingi, wakatuma habari nyumbani watafutwe ndugu. Ndivyo walivyojua ugonjwa wangu, kwa mdomo wa mtu baki. Nilipozinduka nesi aliniambia, "Una bahati, mama. Yule kaka yako mwenye jicho moja ametoa damu, tukamwambia imetosha akasema chukueni tena."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Tulimwambia asubiri uamke. Amesema asingependa umwone."

Hakurudi kazini. Stoo walimwambia uso ule unawatisha wateja, akaenda Tanga kwenye mashamba ya katani. Naomi aliniambia haya bila kunitazama. Ananiogesha, ananilisha, lakini neno "dada" siku hizi halimtoki.

Nilimtuma Baba mdogo mpaka Tanga na jani la sale, na nyumbani kwa wakwe nikapeleka kondoo wa kuomba radhi nikieleza ukweli wote. Wakwe walimpokea kondoo, lakini binti alikwisha kuolewa Lemara. Elinami alimpokea Baba mdogo vizuri, akamlaza, akampa na blanketi. Jani hakuligusa.

"Sijakataa," alisema. "Mimi nililileta mwenyewe na jicho likitoka usaha. Naye alilete mwenyewe."

Ana haki.

Wewe unayeumwa, waambie watu wako. Unayemficha kwa kumhurumia utamlipiza siku moja kwa kutojua kwake, kana kwamba kutojua ni dhambi. Na wewe mkubwa wa nyumba, uliyezoea kupokea shikamoo na kushika fimbo, akija mdogo wako kujishusha, pokea hata kama roho inawaka. Utakasirika baadaye, ukiwa umekwisha kupokea.

Maji yameanza kujaa tena tumboni. Daktari ameyatoa juzi, amenikataza safari, anasema mtikisiko wa barabara utaniua. Nimemwambia Naomi akate sale nyingine mpakani aifunge kwenye kitambaa chenye maji. Basi la Korogwe, njia ya Tanga, linapita Tengeru asubuhi, nasikia honi yake nikiwa kitandani. Kuna siku nafika mpaka mlangoni. Tanga sijafika.