Mkasi Tu, Kaka

Kinyozi huyu mdomo wake haukuwa na breki. Ukikaa kwenye kiti chake unatoka na kichwa safi na masikio yamejaa habari za mtaa mzima. Lakini siku aliyoingia mdogo wake, habari ya mtaa aliiacha katikati.

Mdogo mtu alikuwa amerudi kutoka vitani na nywele msitu mtupu, ndevu usiseme. Binti yake mwenyewe akimwona anakimbilia nyuma ya mlango. Na mashine ya kunyolea hataki hata kuisikia! Huko alikotoka watu walichukua vidroni, vile vile vya kupigia picha za harusi, wakavifungia bomu kwa selotepu, wakavirusha. Kwanza unasikia mvumo. Kisha kinaanza kukutafuta.

"Mkasi tu, kaka. Niahidi."

"Mkasi tu. Kwani mimi nilianzia wapi kazi hii?"

Akafunga mlango, wateja wakabaki nje wakinung'unika. Moyoni kinyozi alikuwa akisikitika kwamba vita vimemrudishia ndugu mwoga, na nyumbani alishalisema hilo waziwazi. Akakata taratibu, akimpuliza nywele shingoni. Mara jamaa, ambaye usingizi humpaa usiku kucha, akasinzia pale pale kitini. Kinyozi machozi yakamlengalenga kwa furaha. Akazunguka nyuma amalizie kisogo, na mkono, jamani, mkono uliozoea kazi, ukachukua mashine ukaiwasha.

Vuuu!

Kufumba na kufumbua kinyozi yuko sakafuni, uso kwenye nywele zilizokatwa, na mdogo wake yuko juu yake mzima mzima, amemfunika kichwa kwa mikono miwili.

"Usiinuke, kaka! Tulia hapo! Kikija kitanipata mimi."

Mwoga gani huyu, jamani? Kinyozi alitamani aliyoyasema nyumbani ayameze tena. Akanyoosha mguu, akaunasa waya wa mashine, akauchomoa ukutani. Kimya.

"Kimeondoka?"

"Kimeondoka, mdogo wangu," akajibu. "Nisamehe."

Nje mteja mmoja akagonga mlango, akauliza kama leo watu watanyolewa kweli.

"Nenda kwa mwingine!" kinyozi akafoka kutoka sakafuni.

Mdogo mtu bado hakumwachia kichwa. Moyo wake ulikuwa ukimdunda kaka yake mgongoni.

"Tungoje kidogo," akanong'ona. "Huwa vinakuja viwili."

"Haya, tungoje," kinyozi akasema, akaushika mkono mmoja wa ile iliyomfunika kichwa.