Viti Viwili Kando ya Ukuta

Siku yangu ya kwanza kazini nilimpigia saluti fundi wa umeme. Alikuwa amevaa koti safi, nikadhani ndiye mkubwa. Mkubwa mwenyewe, Direkta wa Protokole katika ofisi ya serkali hapa Bunia, alikuwa kando yake na kiti cha plastiki mkononi. Alicheka hadi miwani ikamtoka.

"Ni weye ule muzee wa porini?" akaniuliza. "Hapa hatupigi saluti. Tunapeana mukono, kiisha tunapanga viti. Kuya unisaidie."

Ndiyo, nilitoka porini. Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vita ilipofika mlimani kwetu nilishika bunduki kama wengine, na nilipoichoka niliiweka chini. Serkali ikanipa protokole kwa sababu, walisema, nina sauti na ninajua kusimama. Kusimama nilijua kweli.

Ninyi vijana mnaoingia kazi hii mnafikiri protokole ni tai. Protokole ni viti. Kuna preseanse, yaani utaratibu wa nani anamtangulia nani: mwenye cheo katikati, anayemfuata kuumeni kwake, mwingine kushoto. Kuna shevale, kile kikaratasi kilichokunjwa chenye jina la mgeni mezani. Ukikosea, mtu mzima atanuna mwezi mzima, na bibi yake pamoja naye. Direkta alinifundisha yote hayo kwa upole na kwa kelele. "Bahati, shati iko inje tena!" Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake ya asubuhi.

Kisha walinipeleka Aru kupokea wageni wa mpakani. Administrata wa Teritwari, mtawala wa eneo lile na mkubwa wangu huko, alipenda hotuba kuliko chakula, na kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya umati na kumwonyesha saa. Kisha nikahamishiwa Mambasa, ambako mvua ya msitu ilibomoa tribini, yaani jukwaa la wakubwa, tukapokea wageni chini ya turubai la lori la mbao. Nilipenda sana Mambasa. Na kila mahali wakubwa walinisifu kwamba siketi kazini.

Niliporudi Bunia ndipo ikaja ile siku.

Barabara ya vilimani ilikuwa imefungwa. Upande mmoja waliishika watu wa Komanda Pilipili, upande wa pili watu wa Komanda Aleluya. Mvua za kupanda zilikuwa zimeanza, na maharage ya mbegu yalikuwa yamelala Bunia kwa Mama Dorkasi, mkubwa wa wauza maharage. Yasipopita wiki ile, vijiji vya juu havingepanda. Serkali iliwaita makomanda wawili waje waseme mbele ya wote kwamba wamama wa maharage wapite.

Walikuja kwenye sale, ukumbi wetu wa mikutano, bila bunduki. Tulikuwa tumewapangia viti viwili vya mbele vilivyolingana kwa kila kitu, hata maua. Hakuna aliyekaa. Direkta alifikiri wanagombania upande wa kuume, akawabadilishia. Wakakataa. Akaleta viti vya sofa.

"Miye nitasimama," akasema Pilipili.

"Na miye," akasema Aleluya, huku akiangalia mlango.

Inje wamama walianza kunung'unika. Direkta akanivuta pembeni, jasho linamtiririka. "Wanataka nini hawa? Unijibu, weye ulikuwa kule!"

Nikataka kumjibu, nikajiona mwenyewe. Mgongo wangu ulikuwa umeegemea ukuta, macho yangu mlangoni. Miaka yote ile wakubwa waliita jambo hilo nidhamu, na mimi nilikubali sifa. Ilikuwa ni woga. Vile viti viwili vilielekea jukwaa, na mlango ulikuwa nyuma ya viti, umefunguka wazi.

"Mukubwa," nikasema, "mutu wa porini hawezi kuikala hivi. Tugeuze sale yote. Ukuta unaoangalia mlango ndiyo wapewe wao."

"Na siye wa serkali?"

"Siye tutaupa mlango mugongo."

Direkta aliuangalia mlango. Wakati ule Bunia, kuupa mlango mgongo halikuwa jambo dogo. Naye hakuwahi kushika bunduki maisha yake yote. Akavaa miwani yake vizuri, akachukua kiti chake, akakiweka mgongo mlangoni, akakaa wa kwanza. "Hewa ya hapa iko muzuri," akasema kwa sauti kubwa.

Ukuta unaoangalia mlango ulikuwa mmoja tu, kwa hiyo makomanda wakakaa bega kwa bega. Hapo Mama Dorkasi akaingia bila kuitwa, mfuko wa maharage kichwani.

"Basi, tunapita ao hatupiti?"

Aleluya alimtazama Pilipili. Pilipili akasema, "Mupite, mama." Aleluya akaongeza, "Na hakuna mutu atawagusa." Kesho yake walipita wakiimba, na mimi nilisimama kando ya barabara nikalia kwa furaha kama mtoto.

Nimestaafu mwaka huu. Nikiulizwa kazi ilinifundisha nini, nasema ilinifundisha kuuliza mtu anaogopa nini kabla ya kuuliza cheo chake. Vijana wa ofisi walinifanyia sherehe nyumbani kwangu, mtaa wa Saio. Waliniwekea kiti cha mgeni wa heshima kikielekea keki, na mlango wa barabara nyuma yake. Hawakujua. Nikabaki nimesimama, natabasamu kama mjinga.

Mama Dorkasi alikuwa amekuja na wenzake wa vilimani, beseni za maharage yaliyopikwa mikononi. Aliniangalia, akaangalia mlango. Akawaita wamama wote, wakavuta viti vyao wakavipanga mlangoni, kutoka nguzo hadi nguzo, wakakaa wakijaa.

"Ikala, muzee," akasema. "Nyuma yako iko siye."

Nikakaa.